Doa la Damu Halitaki Maji ya Moto

Wiki haipiti bila sisi wafua nguo kuletewa shati au shuka lenye doa la damu lililokwisha kugeuka kahawia. Tukimuuliza mteja amelifanyia nini, jibu huwa lilelile: "Nililitia maji ya moto, nikasugua, likakataa." Inatuuma, kwa sababu mara nyingi doa hilo lingetoka kwa maji baridi tu, likiwa bado bichi. Moto ndio ulioligandisha. Tumeona heri tueleze kinachotokea ndani ya kitambaa, maana ukikielewa hutakuwa na haja ya kukariri masharti yetu.

Katika milimita moja ya ujazo ya damu mna seli nyekundu zipatazo milioni 5. Kila seli ni kifuko kilichojaa hemoglobini, protini yenye chuma ambayo ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Kifuko chenyewe ni utando mwembamba ajabu, unene wake nanomita 7 au 8 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Mwaka 1925 wanasayansi wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, waliyakamua mafuta ya seli nyekundu, wakayatandaza juu ya maji, wakaona yanafunika eneo karibu mara mbili ya lile la seli zenyewe. Wakaamua kwamba utando una tabaka mbili. Kila molekuli ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia: vichwa vinaelekea nje na ndani ya seli, mikia imejificha katikati.

Utando huu unachagua cha kupitisha. Maji hupita upesi, mengi yakitumia vijia maalumu vya protini ambavyo vilipatikana kwanza katika seli nyekundu hizihizi, na ugunduzi huo ukampa Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Hemoglobini haina pa kutokea. Sasa itie seli katika maji matupu. Maji yanakimbilia ndani, kulikojaa chumvi na protini. Seli inavimba, inavimba, mwishowe inapasuka, na hemoglobini inamwagika na kuchukuliwa na maji. Kwa hiyo doa bichi likishikwa chini ya bomba la maji baridi, ukilipitishia maji kutoka nyuma ya kitambaa, laweza kuisha hata kabla hujashika sabuni. Maji ya chumvi ya dripu hupimwa yawe na chumvi asilimia 0.9 kwa sababu hiyohiyo: seli za mgonjwa zisipasuke.

Maji ya moto yanafanya kazi nyingine kabisa. Protini ni mnyororo mrefu uliokunjwa kwa mpangilio wake. Joto linaukunjua, minyororo inashikana yenyewe kwa yenyewe na kung'ang'ania nyuzi za nguo. Umeshaona ute wa yai ukigeuka mweupe na mgumu. Haurudi kuwa ute tena.

Doa lililokauka ndilo tunaloliwekea sabuni yenye vimeng'enya, yaani vitu vya asili vinavyovunjavunja uchafu. Sabuni ya kawaida nayo ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, hivyo hujipenyeza kwenye utando wa seli na kuuchanachana. Lakini minyororo ya protini iliyoshikana haiwezi kuikata. Hiyo ni kazi ya protisi, kimeng'enya kinachokatakata protini kuwa vipande vidogo vinavyoyeyuka. Kikimaliza kukata hapa kinahamia pale, chenyewe hakipungui, ndiyo maana kiasi kidogo kinatosha. Amilesi hushughulikia wanga, lipesi mafuta. Kila kimoja na kazi yake, hakiingilii ya mwenzake. Mjerumani Otto Röhm alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya sabuni ya namna hii mwaka 1913, akitumia vimeng'enya vya kongosho la wanyama. Siku hizi vingi hutokana na bakteria.

Kimeng'enya chenyewe pia ni protini. Ukikimwagia maji yanayochemka unakikunjua vilevile, na sabuni uliyoinunua kwa ajili yake inabaki kama sabuni nyingine yoyote. Sisi tunaloweka katika maji ya uvuguvugu, nyuzi 40 hivi, na tunakipa muda. Dawa ya klorini hatuichanganyi humo kamwe, kwa kuwa inakiharibu.

Hariri na sufu ni habari nyingine. Nyuzi zake ni protini, na protisi haijui tofauti kati ya doa na nguo. Tumewahi kupokea kitambaa cha hariri kilichokwisha kulowekwa nyumbani usiku kucha, kikiwa kimelegea na kupoteza mng'ao wake. Hapo hatukuwa na la kufanya.

Wengine hutumia haidrojeni peroksaidi na kushangaa povu linalofura. Povu hilo ni oksijeni. Ndani ya seli za damu mna katalesi, kimeng'enya ambacho molekuli yake moja huvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde, nacho kinaendelea kufanya kazi hata baada ya damu kumwagika. Inasaidia kwenye nguo nyeupe, lakini nguo za rangi zinaweza kupauka.

Ukituletea nguo, tuambie doa ni la nini, lina siku ngapi na limeshatiwa nini. Kama limepigwa pasi, sema mapema. Tutaliloweka na kulirudia, ila hatutakuahidi kwamba litatoka lote.