Mheshimiwa Waziri, umri wa mtoto unapotea njiani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia kuhusu namba moja: 19. Ndiyo waliyoiandika kituoni siku mtoto wa dada yangu alipokamatwa kwa tuhuma ya simu ya wizi. Alikuwa na miaka 15. Ni mrefu, walimtazama, wakaandika. Kwa namba hiyo akalala mahabusu na watu wazima.

Siku 11 nilizunguka na cheti chake cha kuzaliwa kwenye mfuko wa nailoni. Kituoni naambiwa faili limeshakwenda mahakamani. Mahakamani karani anafungua kaunta buku, analowesha kidole kwa ulimi, anashuka nacho mstari kwa mstari, kisha anatikisa kichwa: "Halijafika, mama." Afisa ustawi wa jamii, ambaye ndiye wa kuiandalia mahakama taarifa za mtoto, hakujua hata kwamba mtoto huyo yuko ndani.

Mheshimiwa, cheti kile kina namba, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanasajili vizazi kwa kompyuta. Mahakama nayo inasajili mashauri kwa mfumo wa kielektroniki. Mifumo ipo ila haisemezani, na katikati tunatembea sisi na mifuko ya nailoni. Tunaomba iunganishwe. Mtu akisema hajafika miaka 18, umri wake uhakikiwe palepale kituoni, na afisa ustawi wa wilaya apate ujumbe siku hiyohiyo. Asiye na cheti, nao ni wengi, asigeuzwe mtu mzima kwa kukosa karatasi. Mfumo uonyeshe kuwa umri wake una utata, ili kesi ifike Mahakama ya Watoto pale Kisutu ikijulikana hivyo.

Lakini kuna jambo linaninyima usingizi zaidi. Daftari huchakaa, kompyuta haisahau. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kesi hizi zisikilizwe faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Mlango wa mahakama unafungwa kwa faida gani, ikiwa kila mwenye nywila anaweza kulifungua faili? Kila anayelifungua abaki na jina lake humo, na saa. Na kijana akienda kuomba kazi akiwa na miaka 25, simu ile isimtangulie.

Kesi ilifutwa. Mpaka leo dada yangu hamruhusu mtoto kwenda hata mpirani bila nakala ya cheti mfukoni.

Mama yake mdogo,
Mbagala, Dar es Salaam