Shukrani kwa fundi wa Luthuli Avenue, Nairobi

Mzee wangu, jina lako sikuuliza, na hilo linanikera hadi leo. Mimi ni yule wa Jumamosi, mwenye mfuko wa kaseti za marehemu baba: Les Wanyika, Shirati Jazz, Super Mazembe. Redio ilikuwa imeitafuna hiyo ya Mazembe, utepe ukakatika. Mafundi wawili kabla yako walicheka tu, eti nitafute nyimbo kwenye simu.

Wewe ulivaa miwani, ukafungua skrubu tano, ukaziweka kwenye kifuniko cha soda zisipotee. Ukakata ncha zote mbili mshazari kwa wembe, ukaziunga kwa selotepu upande wa mgongo. "Usibandike upande unaogusa hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, kijana." Kisha ukazungusha kwa kalamu, taratibu mno, hadi nikakosa subira.

Gitaa lilipolia, uliacha kila kitu mkononi. Pesa ukakataa, ukaomba nakala tu.

Nakala iko tayari, kwenye kaseti ya dakika 60 na kwenye flashi pia. Nimepita mara mbili nikakuta umefunga. Nimemwachia yule mama anayeuza chaja jirani yako. Asante sana, mzee.