Huo mstari wa bluu ukateni

Mhariri, habari za kazi. Wiki iliyopita mlitoa makala ya kukumbuka korona na grafu ya vifo Afrika Mashariki, nusu ukurasa nzima, imechorwa vizuri sina ubishi, Kenya kijani, Uganda njano, sisi bluu. Sasa huo wa bluu ndo umenifanya nishike simu niwaandikie, manake unapanda kidogo Aprili 2020 halafu unalala chali mwaka mzima kama vile Tanzania watu tuliacha kufa, na takwimu zilipoanza kutoka tena 2021 unaruka kama chura.

Jamani nyie mnajua kilichotokea. Mpaka mapema Mei 2020 tulikuwa tumefikisha wagonjwa 509 na vifo 21, baada ya hapo kimya, na ile ramani ya kuhesabu korona dunia nzima ya chuo cha Johns Hopkins cha Marekani, ile nyeusi yenye maduara mekundu ambayo watu walikuwa wanaifungua asubuhi kabla hata ya kunawa uso, ikabaki na 21 yetu hiyohiyo.

Februari 2021 tuko msibani Temeke kwa bamkubwa. Alikohoa siku nne, wakampigisha nyungu ya mwarobaini na mchaichai mpaka kuta za chumba zikatoka jasho, siku ya tano akatutoka. Kwenye turubai watu wanaambizana kwa sauti ya chini "changamoto ya upumuaji", neno la msimu ule. Mdogo wangu, kitinda mimba wa marehemu, akafungua ile ramani kwenye simu akaivuta kwa vidole viwili mpaka Tanzania ikajaa skrini, akagusa duara. 21. Akaniuliza, kaka sa baba yupo wapi hapa? Kabla sijajibu mzee mmoja akamwambia weka simu, watu wanasoma khitma.

Waliotengeneza ramani siwalaumu, namba ambazo hazikutolewa wangezitoa wapi. Ila nyie mlikuwepo hapahapa. Mstari uliolala kwa sababu hakuna aliyekufa na mstari uliolala kwa sababu hakuna aliyehesabu, mmeichora kwa wino uleule unene uleule, mtoto wa darasa la saba akiiona leo atajua tulikuwa mabingwa.

Mwezi uleule tuliozika, tarehe 21 Februari, gazeti la Marekani la New York Times walijaza nukta ukurasa wa mbele, kila nukta Mmarekani mmoja aliyekufa, karibu nusu milioni, na kadri unavyoshuka chini zinabanana mpaka pamekuwa peusi tii. Mei 2020 walikuwa wamejaza majina kama 1,000 ya marehemu. Ile ya majina unasoma mtu mmoja mmoja, ya nukta unaona tu giza linaongezeka, na mimi kusema kweli ya nukta ndo ilinikaba zaidi. Lakini hata kupata nukta lazima kwanza mtu akuandike mahali, na bamkubwa hakuandikwa. Wala siyo sisi peke yetu, Shirika la Afya Duniani (WHO) Mei 2022 walikadiria vifo vilivyozidi kawaida 2020 na 2021 ni kama milioni 14.9 dunia nzima wakati vya korona vilivyoripotiwa ni milioni 5.4 tu, sa piga hesabu mwenyewe wangapi hawamo kwenye grafu yoyote.

Kwahiyo ombi langu dogo tu. Huo mstari ukateni. Data ilipoishia acheni pengo jeupe, au kama mtu wenu wa grafiki anaona litaharibu dizaini basi aweke kivuli, na katikati yake aandike "hapa takwimu hazikutolewa", tena kwa herufi zinazosomeka siyo kule chini kwa maandishi ya ukubwa wa chawa. Na msijaribu kukisia namba za kujazia, hizo hatuziombi.

Mkiichapa upya ikiwa imekatwa nitanunua nakala mbili, moja nampa kondakta wa basi la Mwanza ampelekee mdogo wangu.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam