Mkipokea mashine za kupumulia, pokeeni na futi

Mhariri,

Ile habari yenu ya mashine mpya za kusaidia kupumua, yenye picha ya utepe na mkasi, imenitoa kwenye kimya cha miaka. Mmehesabu mashine, mmetaja bei, mkamnukuu na mgeni rasmi. Nani ataziendesha saa nane za usiku? Hamkuuliza.

Mashine hizo hazitibu virusi vya corona. Zinasukuma hewa ili mgonjwa asitutoke kabla mapafu hayajapona, na zikisukuma kupita kiasi huyaumiza mapafu yaleyale. Si jambo jipya. Mwaka 2000 Wamarekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 861: katika waliosukumiwa na mashine mililita 12 za hewa kwa pumzi moja kwa kila kilo ya mwili walikufa karibu asilimia 40, katika waliopewa 6 wakafa asilimia 31. Na kilo hizo si za mizani. Hukokotolewa kwa urefu, maana mtu akinenepa mapafu hayanenepi.

Shemeji yangu alilazwa 2021, corona imemkaba. Mfupi, sentimita 158, lakini mnene, kilo 96. Kwa kuwa mimi ni muuguzi mstaafu walinivalisha gauni wakaniruhusu kuingia. Kijana wa zamu alikuwa amempigia dada yangu simu, "Mzee ana kilo ngapi?", akaridhika na jibu. Kwa urefu wake alistahili kama mililita 330 kwa pumzi. Skrini ilionyesha karibu 580. Nikasema. Nikajibiwa, "Mama, hebu tupishe." Kesho yake shingo imevimba, ukiigusa ngozi inachakarika chini ya vidole: hewa imevuja kutoka mapafuni. Najua corona yenyewe huweza kuyatoboa, kwa hiyo siapi kwamba ni mashine. Lakini wodi nzima hapakuwa na futi ya kumpimia urefu! Alipofariki, bili ikaja na mpira wa kutolea hewa kifuani umeorodheshwa peke yake, na mwili ukazuiliwa mochari hadi ukoo mzima uchange. Hilo la maiti kuwekwa rehani nalo hamliandiki. Au utepe haukatwi mochari?

Napendekeza hivi. Kila mashine ifungwe futi kamba ya fundi cherehani, kwa fundo la kutosha isiibwe. Na siku ya makabidhiano mgeni rasmi alazwe kitandani apimwe yeye kwanza, utosi hadi kisigino, mililita zake zitangazwe kwenye kipaza sauti. Mwandishi wenu aziandike, badala ya bei.

Muuguzi mstaafu,
Mombasa