Barua kwa mwanangu, kabla hajaacha kazi Texas

Malaba, Tororo
12 Julai

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na goti la mama yako limetulia tangu mvua zilipokatika. Ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa niliusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi, nami nimeona afadhali nikujibu kwa maandishi, kwa kuwa sauti zetu huwa unazisikiliza ukiwa garini unarudi kutoka zamu ya usiku, umechoka, na jambo hili halifai kusikilizwa kwa sikio moja.

Nimeelewa kwamba umepata kazi katika hospitali ya Los Angeles, karibu na mdogo wako, kwa zamu za mchana, na kwamba wanataka uanze tarehe 24 Agosti. Sina neno juu ya kuondoka kwenyewe, maana miaka mitatu ya kulala mchana na kuamka magharibi imetosha. Shida yangu ni kwamba ombi lako la ukaazi wa kudumu halijaamuliwa, na mtu anayehama wakati kama huo hana budi kuhama kwa utaratibu.

Ulisema kwamba kufikia siku hiyo zile siku 180 za ombi lako kusubiri zitakuwa zimetimia. Jana niliishusha kalenda ya SACCO kutoka ukutani, nikaitandaza mezani, nikahesabu siku moja moja nikitia nukta kwa wino mwekundu. Wewe unahesabu tangu 24 Februari, siku wakili alipotia bahasha posta, na kwa hesabu hiyo 24 Agosti ni siku ya 181. Lakini risiti uliyonitumia picha yake, ambayo niliichapisha nikaiweka katika faili moja na vyeti vyako vya shule, inasema ombi lilipokelewa 3 Machi, na tarehe ya risiti ndiyo wanayoifuata watu wa uhamiaji. Kwa hesabu hiyo 24 Agosti ni siku ya 174, na siku 180 zinatimia tarehe 30 Agosti. Umepungukiwa siku sita.

Usizidharau siku hizo sita. Sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2000 inamruhusu mtu ambaye ombi lake la ukaazi wa kudumu, yaani fomu I-485, limekaa siku 180 au zaidi bila kuamuliwa kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kuanza upya, mradi kazi mpya iwe ya aina ileile au inayofanana nayo. Ombi la mwajiri wako, lile alilokudhamini nalo na ambalo lako linalitegemea, liliidhinishwa Aprili tu. Akiliondoa kabla ya siku hizo kutimia, litafutwa, na lako litakosa pa kusimama. Zikishatimia, hata akiliondoa kwa hasira halifutwi kwa sababu hiyo pekee.

Sasa angalia na notisi, ambayo nadhani hukuihesabu. Mkataba wako unadai notisi ya wiki nne. Ukianza kazi mpya mwanzoni mwa Septemba, itakubidi utoe notisi mwanzoni mwa Agosti, yaani utawaambia kwamba unaondoka wakati bado wana uwezo wa kukuharibia. Sisemi watafanya hivyo, ila kuwapa nafasi hiyo ni uzembe. Mimi ningetoa notisi tarehe 31 Agosti, nimalize 28 Septemba, na niwaombe Los Angeles nianze 5 Oktoba. Wakikataa kukusubiri wiki sita, utakuwa umejua mapema unakwenda kufanya kazi na watu wa namna gani. Tena muda huo utauhitaji kwa ajili ya leseni, maana California haimo katika makubaliano ya majimbo yanayotambuliana leseni za wauguzi, na leseni yako ya Texas haitakupa huko hata zamu moja. Omba ya California wiki hii.

Utaniuliza mstaafu wa Malaba anayajuaje haya. Nimeisoma tovuti ya idara yao ya uhamiaji siku mbili mfululizo nikisaidiwa na kijana wa ofisi yangu ya zamani, lakini kiini chake nilikijua tangu mwaka 1998, kabla hujazaliwa, na nilikijua kwa hasara.

Nilikuwa wakala wa forodha mchanga, nikashughulikia karatasi za lori la vitenge lililotoka Mombasa likienda Kigali. Lilipofika Bugiri injini ikafa. Dereva akanipigia simu, nami nikamwambia atafute lori jingine, ahamishe mzigo usiku huohuo, asichelewe. Alihamisha robota zote bila kupotea hata moja. Kwenye kizuizi kabla ya Mbarara afisa akasoma namba ya lori, akatazama hati, akaizunguka gari akaisoma namba tena kwa nyuma, kisha akapapasa mahali ambapo sili ilipaswa kuwa na asiikute. Mzigo ulilala pale siku kumi na moja, dhamana ya forodha haikufungwa kwa miezi saba, na mwenye mali hakunipa kazi tena maishani. Malori yalikuwa yakibadilishwa njiani kila wiki na hakuna aliyekatazwa. Kosa langu lilikuwa kutowaarifu forodha waje washuhudie mzigo ukihama na waandike namba mpya, maana nilidhani vitenge vikiwa vilevile basi yamekwisha.

Kwako wewe, kuwaarifu kunafanyika kwa karatasi iitwayo Nyongeza J ya fomu I-485, inayojazwa na mwajiri mpya na wewe, mkieleza kazi unayokwenda kufanya. Hapo nina wasiwasi kidogo na barua ya kazi uliyonionyesha, kwa sababu cheo kimeandikwa "mratibu wa huduma", na mtu asiyekujua akikisoma atadhani unakwenda kukaa ofisini na kupiga simu. Wanaangalia majukumu kuliko jina la cheo, kwa hiyo waombe barua nyingine inayosema waziwazi kwamba wewe ni muuguzi aliyesajiliwa, unahudumia wagonjwa wodini, unatoa dawa na unawasimamia wauguzi wa zamu yako. Mshahara kupanda si tatizo, ila ukipanda sana huweza kuzua swali, na swali hilo lijibiwe na barua hiyohiyo.

Halafu anwani. Ukihama una siku 10 za kuwaarifu uhamiaji, na unaweza kufanya hivyo kwa akaunti yako ya mtandaoni. Kubadilisha anwani posta hakubadilishi anwani iliyo kwenye faili lako la uhamiaji; hayo ni mambo mawili, nawe uyafanye yote mawili. Ukishaituma taarifa hiyo, piga picha uthibitisho unaotokea kwenye skrini. Mwajiri akiondoa ombi lake, idara inaweza kukuandikia ikitaka ujieleze, na barua ya namna hiyo huweza kukupa siku 30 tu za kujibu. Ikitua katika sanduku la nyumba uliyohama Dallas na akaikuta mpangaji mwingine, ombi lako litakataliwa na wewe huna habari.

Kadi yako ya kazi nayo itazame tarehe. Zamani mtu akiomba kuongezewa muda alikuwa anaendelea kufanya kazi huku akisubiri kadi mpya, lakini kwa maombi yaliyowasilishwa tangu 30 Oktoba 2025 nyongeza hiyo ya moja kwa moja imeondolewa. Unaruhusiwa kuomba siku 180 kabla haijaisha, basi omba siku hiyohiyo dirisha linapofunguka.

Wakili anayeshughulikia faili lako alilipwa na mwajiri wako wa sasa. Simsemi vibaya, kazi yake ameifanya vizuri, lakini usimweleze mipango hii kama unavyonieleza mimi. Tafuta wakili wako, umlipe mwenyewe, umwonyeshe mkataba wa kazi wote, pamoja na kile kifungu cha faini kwa anayeondoka kabla ya muda, ambacho ulikitaja harakaharaka kisha ukaniuliza habari za ng'ombe.

Na harusi ya binamu yako mwezi wa Desemba, mwanangu, usije ikiwa hujapewa kibali cha kusafiri kabla ya kutoka. Ukitoka bila kibali hicho watahesabu kwamba umelitelekeza ombi lako. Shangazi yako atanuna, nitazungumza naye mimi. Hata ukisikia mimi ndiye nimelala usingizi wa mwisho, uliza kwanza kibali kiko wapi.

Mama yako ameshakaanga karanga na kesho anazipeleka kusagwa. Kuna mama wa hapa Tororo anayesafiri kwenda Marekani mwishoni mwa Septemba, na amekubali kubeba kopo mbili ila anataka kujua mapema azitume Dallas au Los Angeles. Nijibu hilo pamoja na tarehe watakayokubaliana nawe, ili nami niitie nukta kwenye kalenda.

Ni mimi baba yako.