Milangilangi ikatwe ingali midogo

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Kila masika yakikaribia, mapanga huingia viamboni. Mlangilangi, ule mti wa maua ya manukato, ulioachwa miaka kumi umeshalipita paa, mwenye nyumba anahofia tawi lisije likaangukia mabati, anaitwa kijana, na kwa nusu saa mti unabaki gogo. Hofu hiyo ni ya haki, maana mti huu ni mwepesi kuvunjika. Lakini kuukata namna hiyo kunaongeza hatari, na tunaomba nafasi tueleze kwa nini.

Gogo halifi. Hutoa machipukizi mengi kwa pamoja, yote yamesimama wima yakigombea jua. Machipukizi hayo yameshika juu juu tu, hayana mzizi ndani ya shina kama tawi lililokua nalo tangu mwanzo. Baada ya miaka miwili yamekuwa marefu na mazito, na upepo wa kusi ukiyapiga yanabanduka pamoja na kipande cha gome. Huku nyuma, kidonda cha juu kimenywa maji na kuanza kuoza kuelekea moyoni. Maua nayo yako kileleni, ambako mkono haufiki, na mtu akitaka kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, inabidi amtafute mpandaji.

Wenzetu wa Komoro na Bukini (Madagaska), wanaoulima kwa mafuta ya manukato, huukata kilele kwenye mita 2 hadi 3 ili wachumaji wafikie maua wakiwa wamesimama chini. Wa uani nao ufanyiwe hivyo. Mti ukiwa na kiasi cha miaka 2 na umepita mita 3, kata shina kuu kwenye mita 2 na nusu, juu kidogo ya matawi yenye nguvu, mkato uende mshazari ili maji yateremke. Wakati huo shina bado jembamba na kidonda hufunga. Hii ni kwa mlangilangi. Asije mtu akamkatia mkarafuu kilele kwa kutusoma sisi.

Baada ya hapo acha matawi 6 hadi 8 yaliyoelekea pande zote. Yangali mabichi yavute chini taratibu kwa kamba ya usumba iliyofungwa kwenye kigingi, mkono mmoja ukishikilia kitako cha tawi, kwani hapo ndipo linapopasuka. Kamba isibane, ilegezwe kila tawi linaponenepa. Chipukizi lolote linalosimama wima livunjwe kwa mkono lingali laini, kila baada ya miezi miwili hivi.

Kosa tunaloliona sana ni "kusafisha" mti. Maua mengi ya mlangilangi hutoka kwenye vitawi vilivyokomaa, nyuma ya majani, na vitawi hivyo kwa macho huonekana kama vikavu. Mkataji akivikwangua vyote, ameondoka na maua. Kwangua gome kidogo kwa ukucha: ukiona kijani, kiache.

Mti uliokwisha kuwa mrefu ushushwe kwa miaka 3, kila mwaka usiondoe zaidi ya robo ya matawi yenye majani. Tawi nene lina mikato mitatu. Wa kwanza kutoka chini, sentimita 30 mbali na shina, uingie theluthi ya unene. Wa pili kutoka juu, sentimita 5 mbele yake kuelekea ncha ya tawi, tawi lianguke. Bila ule wa chini, tawi hushuka na gome la shina kama ganda la ndizi. Wa mwisho ondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya kile kivimbe kilichopo tawi linapotoka. Kivimbe ndicho kinachofunga kidonda. Usikikate, wala usiache kisiki kirefu mbele yake. Usipake oili chafu wala rangi. Msumeno ufutwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine.

Wakati? Mlangilangi hutoa maua takriban mwaka mzima lakini una nyakati zake za wingi. Subiri wingi upungue, kisha chagua siku kavu ardhi ingali na unyevu. Katikati ya masika vidonda havikauki, na kwenye kiangazi kikali gome lililozoea kivuli huungua kwa jua. Ukimaliza, weka karai mbili za samadi nusu mita kutoka shinani.

Matawi yaliyogusa nyaya yaachiwe watu wa umeme. Kwa mengine, anayekuja na panga peke yake aambiwe arudi na msumeno.

Watunza bustani,
Chake Chake, Pemba