Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Vikao vimefanyika, ghala limepigwa chokaa, chaga zimetengenezwa, mafunzo ya ukaushaji yametolewa. Hayo mnayajua, ingawa kwenye mafunzo wengi mlituma watoto waje kusaini.

Niingie kwenye yale ya vijiweni: kamati kuacha dawa ya unga ya kuulia wadudu wa mahindi, kuhamia mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, na kukataza isifunguliwe ovyo. Uamuzi huo niliusimamia mwenyewe na ningeusimamia tena.

Mfuko ni wa kilo 100: plastiki mbili ndani, kila moja unene wa mikroni 80, na kiroba nje. Wadudu fukusi na dumuzi (Scania, kama wazee wanavyomwita dumuzi) huingia na mahindi kutoka shambani, kisha wanamaliza hewa wenyewe kwa kupumua. Oksijeni ikishuka kutoka asilimia 21 hadi chini ya 5, wanaacha kula na kuzaa. Mdudu wa ghalani hanywi. Maji yake mengi anayatengeneza mwilini kwa chakula na oksijeni. Akikosa oksijeni anakufa kwa kiu. Sasa wewe unayefungua kila wiki "kuchungulia" unamletea hewa, halafu unalalamika mbele ya kamati kwamba fukusi wangali hai!

Waliofungua wakakuta ukungu waniambie walipima vipi unyevu. Mfuko haukaushi mahindi. Unyevu ukizidi asilimia 13.5, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inakunyemelea. Kipimo tulichofundisha hakina gharama: chupa kavu, chumvi kavu kidogo, punje, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Na mkipukuchua, pepeteni. Kipande cha gunzi hutoboa plastiki, na dumuzi naye hutoboa, hasa mahindi yakiingia yakiwa yamejaa wadudu. Kufunga ni plastiki moja moja: kamua hewa, sokota shingo, ikunje, kaza kwa mpira, ndipo uende ya pili, mwisho kiroba.

Ada: chini ya nusu mmelipa, na wanaodaiwa ndio wenye sauti kubwa leo. Kipima unyevu cha chama tutakinunua hali ikiruhusu, Mungu akipenda.

Mifuko ya mwaka jana msiitupe. Puliza hewa kila plastiki, funga mdomo, bonyeza huku ukisikiliza. Inayovuja itumieni kwa pumba.

Mwenyekiti